Imbwa imekula?

Kwetu Lubumbashi, baba mdogo alikuwa akiniuliza kila siku: « Imbwa imekula? » Nilipoanza masomo ya isimu nikawa namsahihisha: mbwa ni kiumbe hai, kwa Kiswahili sanifu tunasema « mbwa amekula ». Yeye alicheka tu.

Mbwa mwenyewe alikuwa boerboel, aliyeletwa akiwa mdogo kutoka Afrika Kusini kupitia Kasumbalesa. Jina hilo lina historia. Kwa Kiafrikaans, boer ni mkulima. Boel ni neno la zamani la mbwa mkubwa wa aina ya buldogi. Ni mbwa wa shambani, wa uzao wa mbwa ambao walowezi wa Ulaya walikuja nao Rasi tangu karne ya 17, wakachanganyika na wengine. Alikaa karibu na watu wake, akilinda familia na mifugo. Mwaka 1983 wafugaji wa huko waliunda chama ili mbegu hiyo isipotee. Dume anaweza kupita kilo 70.

Sisi tulimfanya kama geti la pili: mchana mnyororo, usiku kuzunguka lupango.

Siku moja niliwahi masomo asubuhi bila kumpa kitu. Saa sita baba mdogo alinipigia simu: « Imbwa imekula? » Nikamjibu kwa sarufi safi: « Amekula. »

Jioni nilimmwagia sufuria nzima ya bukari na vichwa vya samaki. Alimeza kwa pupa. Nikamfungua, tukakimbizana lupango nzima. Haukupita muda mrefu, tumbo likavimba na kuwa gumu. Alijaribu kutapika, hakikutoka kitu. Daktari wa mifugo alipofika alisema tumbo limejipinda. Huwapata mbwa wakubwa wenye kifua kirefu, na asipopasuliwa mapema haponi. Alikufa kabla ya mapambazuko.

Mambo ambayo ningepaswa kuyajua mapema, daktari aliniambia pale pale. Chakula kigawanywe angalau mara mbili kwa siku, na mbwa apumzike baada ya kula. Akiwa mdogo asinenepeshwe haraka, maana nyonga zake zitaumia. Achanjwe dhidi ya kichaa. Azoeshwe watu mapema, asiishi kwenye mnyororo: mbwa mwenye nguvu hizo akikosa malezi huwa hatari hata kwa wenyeji wake.

Tulimzika nyuma ya nyumba. Baba mdogo alichimba mwenyewe, hakutaka nimsaidie. Alipomaliza alisema: « Ilikuwa inajua mulio ya motokari yangu. »

Nilimwambia ukweli wiki moja baadaye. Alinyamaza kwa muda, kisha akaenda kuufungua ule mnyororo ukutani. Sasa tuna mbwa mwingine, mdogo, wa mtaani. Kila asubuhi baba mdogo huuliza kama zamani, nami simsahihishi tena. Naenda kwanza kutazama bakuli.