Samaki Mwenye Nyumba Tatu



Shukrani zote ni za Allah (Subhaanahu wa Ta'ala), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam). Amma ba'd.

Ndugu zetu wazazi na wanafunzi, leo tutazungumza habari za samaki, na tutaanza na sahani moja iliyotuaibisha.

Sisi tumezaliwa Buyenzi, Bujumbura. Tulisoma Zanzibar na huko huko tukaoa. Mwaka 2006 tulikwenda kuwatembelea wakwe zetu Chwaka, mashariki ya Unguja. Asubuhi tukateremka pwani, tukanunua fungu la changu wadogo, urefu wa kidole, waliotoka katika juya, yaani wavu wa kukokota. Bei ilikuwa nafuu, nasi tukafurahi kuwa mgeni naye kaleta kitoweo. Usiku chakula kilipopakuliwa, mkwe wetu alipiga Bismillahi, akala wali na mchuzi, na samaki hakumgusa hata mmoja. Mbele ya watoto hakusema neno.

Baada ya Isha alituita barazani. "Mwalimu," alisema, "mimi natega madema kule mwambani. Wale uliowaleta leo ni riziki yangu ya miaka ijayo."

Hatukumfahamu. Ziwa letu la Tanganyika halijai na kupwa kama bahari, na tulidhani kila samaki ana mahali pake pamoja, anazaliwa hapo na kufa hapo. Kesho yake maji yalipokupwa alituchukua kwa miguu, akatuonyesha kuwa changu ana nyumba tatu.

Ya kwanza ni mikoko, iliyo kusini ya ghuba. Mizizi yake imesukana hata samaki mkubwa hapenyi kirahisi, na maji yakijaa watoto wa samaki huingia humo kujificha. Maji yakipwa panabaki matope, na wale wadogo hurudi nyumba ya pili, nayo ni majani ya baharini yaliyotanda ndani ya ghuba. Humo hupata vijikamba na vidudu vya kula. Wakikua husogea nje kidogo kidogo mpaka nyumba ya tatu, kwenye matumbawe. Wako samaki ambao hata wakiwa wakubwa mchana hujibanza kwenye matumbawe, na usiku hutoka kwenda kula majanini, kisha alfajiri wakarudi. Si kila samaki ana safari hii, lakini wengi tunaowala wanayo.

Aliyoyajua mzee kwa macho yake, wataalamu nao wameyakuta kwa njia nyingine. Samaki ana kijiwe ndani ya sikio kinachokua tabaka juu ya tabaka, na kila tabaka huhifadhi alama ya mahali alipoishi na alichokula. Utafiti uliofanywa pwani ya Tanzania na kuchapishwa mwaka 2013 ulisoma vijiwe vya samaki wakubwa waliovuliwa kwenye matumbawe, ukakuta kuwa baadhi yao utotoni waliishi mikokoni. Subhaanallah, samaki amebeba kitabu cha maisha yake sikioni! Na huko Karibiani, utafiti wa mwaka 2004 ulionyesha kuwa matumbawe yaliyopakana na mikoko yalikuwa na zaidi ya mara mbili ya uzito wa baadhi ya samaki wa biashara. Palipokatwa mikoko, aina moja ya pono mkubwa ilitoweka kabisa.

Ndugu zetu, hapa ndipo penye fundisho. Anayekata mikoko apate kuni au achome chokaa, na anayekokota juya juu ya majani, hamwoni aliyemdhulumu. Huyo yuko mbali mwambani, anavuta dema tupu, wala hajui nani kamfanyia. Hiyo ni haki ya jirani, ingawa jirani mwenyewe haonekani.

Mzee alituuliza swali moja ambalo hatujalisahau. "Nyinyi mnawasomesha watoto habari za watu wa Sabato waliofanya hila kuvua samaki. Mbona hili hamlisemi?" Kisa hicho kimo katika Surat Al-A'raaf, kuanzia aya ya 163. Walikuwapo waliovua, waliokataza, na wale waliowaambia wanaokataza kuwa wanajisumbua bure. Tulikisomesha miaka mingi, na siku ile tukajiona tumo katika kundi la tatu.

Mzee alifariki mwaka 2015, Allah amrehemu. Na sisi, tukubali ukweli, tuliendelea kunyamaza. Hapa kwetu yuko mzazi wa mwanafunzi anayekokota chandarua kando ya ziwa, na ziwani nako samaki wengi hulelewa ukingoni, penye kina kifupi. Halipi ada kwa kuchelewa hata mwezi mmoja, basi tukamwonea haya. Mwezi uliopita tulimwendea nyumbani, tukamsimulia ile sahani ya Chwaka. Alituuliza, "Na wanangu wale nini, ustadhi?" Swali hilo ni haki yake. Kukataza bila kusaidia ni nusu ya kazi. Wazee wa madrasa wamekubali tumchangie wavu wa matundu halali, na mchango umeanza.

Wazazi wenzetu, tukienda sokoni tusikimbilie fungu la vichanga kwa kuwa ni rahisi. Tuwafundishe watoto kuuliza samaki huyu katoka wapi. Nanyi wanafunzi mnaosoma pwani, waketieni wavuvi wazee, kwani elimu yao haimo vitabuni.

Tunamuomba Allah atujaalie kuwa wenye kukataza mabaya kwa hekima, na asitujaalie kuwa wenye kunyamaza. Aamiin.

Wabillaahi tawfiiq.