Kutembea na Watoto Wetu



Ada njema za wazee wetu ni nyingi, na moja inayotutoka mikononi ni ya mzazi kumshika mkono mwanawe baada ya sala ya alasiri akatoka naye kutembea. Siku hizi mtoto hupakiwa garini hadi skuli, kisha chuoni, kisha hurejeshwa nyumbani akakaa mbele ya simu. Miguu yake ni mizima, lakini haijui njia ya mtaa wa pili.

Sisi tumesomesha watoto wadogo hapa Unguja kwa zaidi ya miaka 30, na tumeona kuwa mtoto husema njiani asiyoyasema nyumbani. Ukimkalisha mbele yako ukamwuliza, "Una nini?" huinamisha kichwa. Lakini ukienda naye ubavu kwa ubavu, macho yenu yakiwa mbele na mkono wake umeshika kijiti, maneno humtoka yenyewe.

Mjukuu wetu mmoja, mwenye miaka saba, alikataa chakula cha asubuhi kwa muda wa wiki mbili. Baba yake alimwuliza kwa upole, kisha kwa ukali; mama yake akampeleka kwa daktari; halikupatikana neno. Alasiri moja tulikuwa tukisukuma baiskeli pamoja naye kupanda kilima cha Kidichi, mara akasema, bila ya kuulizwa, kuwa yuko mvulana mkubwa amnyang'anyaye pesa zake kila siku njiani, naye amemtisha asiseme. Kesho yake jambo hilo likamalizwa baina ya wazazi. Lau si kilima kile, nani ajuaye lingelikaa muda gani?

Njia hiyo, itokayo Bububu kupanda Kidichi, ina mengi ya kumfundisha mtoto. Huoneshwa mkarafuu, akajua kuwa ile karafuu ya pilau ni tumba la ua lililochumwa kabla ya kufunguka, likaanikwa juani mpaka likageuka rangi. Hufikicha jani la mdalasini akanusa. Juu yako mahamamu aliyoyajenga Seyyid Said mwaka 1850, yenye nakshi za maua na ndege kutani. Mtoto huuliza, "Maji walikuwa wakiyateka wapi?" na hapo huwa ameanza kusoma tarehe.

Asiyeweza kufika shamba na aende pwani. Huko mtoto ataona kuwa maji kujaa huchelewa kiasi cha dakika 50 kila siku, na kuwa bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu.

Lakini matembezi ya mtoto hayapimwi kwa maili. Akisimama kutazama siafu, nasi tusimame. Simu ibaki nyumbani au mfukoni, kwani mtoto hutambua upesi kuwa mwenziwe yuko naye kwa mwili tu.

Barabara za leo zina magari na bodaboda nyingi, basi yatupasa tuwe na hadhari. Pasipo na njia ya miguu, tupite upande wa kulia, tukiyaelekea magari, na mtoto awe upande wa ndani. Apakiwaye nyuma ya baiskeli awe na kiti chake, miguu yake ikingwe isiingie katika spoku za gurudumu, na nguo ndefu zikunjwe zisishikwe na mnyororo. Tena turudi kabla ya giza. Na mabinti zetu tusiwaache nyuma. Nao wana macho na maswali.

Wako wasemao kuwa si heshima mtu mwenye mvi kuonekana juu ya baiskeli amepakia mtoto. Hao na wakumbuke kuwa Mtume wetu (S.A.W.) alirefusha sijida kwa ajili ya mjukuu wake aliyempanda mgongoni, akachelea kumharakiza. Heshima gani ipitayo hiyo?

Mtoto wa miaka mitano hutafuta mkono wetu mwenyewe. Wa miaka kumi na mitano huuonea haya. Alasiri zilizo baina ya umri huo na huu zahesabika, na iliyopita hairudi. Mwenyezi Mungu atujaalie kuzitumia kwa kheri, Amin.