Komwe Kumi na Sita

Hitma ya Maalim ilisomwa Ijumaa baada ya alasiri, na watu walijaa mpaka baraza ya jirani. Kila aliyesimama alisema lile lile: Maalim ndiye aliyewafundisha watoto wa Pujini, Pemba, kutunga mashairi. Mimi nilikuwa ndani na wanawake wenzangu napanga visahani vya haluwa, nikanyamaza. Si adabu kubishana na mtu kwenye hitma yake. Lakini nimeshastaafu, wakati ninao, na ubishi wetu haujesha.

Nilizaliwa 1959. Utoto wangu ni karafuu tu: msimu ukifika tulikaa na koroboi usiku, tunachambua karafuu na makonyo juu ya jamvi mpaka ncha za vidole zinawasha. Baada ya Mapinduzi ya 1964 elimu ilitangazwa kuwa bure, na mimi nikaingia skuli. Kutoka hapo Chuo cha Ualimu Nkrumah kule Beit el Ras, Unguja, kisha nikarudi na chaki mkononi. Nilishika chaki hiyo miaka thelathini na tisa, na zaidi ya nusu ya miaka hiyo nilikuwa na madarasa ya chini, watoto wa miaka minane mpaka kumi.

Maalim hakuwa mwajiriwa wa skuli yoyote. Alikuwa na baraza, na mfuko wa kitambaa wenye komwe kumi na sita. Mtoto akileta mshororo, yeye alipanga komwe nane kulia kwa ajili ya ukwapi na nane kushoto kwa ajili ya utao, akasukuma moja kwa kila silabi. Komwe ikibaki alisema, "Kuna mtu yuko nje kwenye mvua, mwingize." Silabi zikizidi: "Huyu mgeni hana kitanda." Kitabu cha Kaluta Amri Abedi cha sheria za kutunga, cha 1954, alikuwa nacho, jalada limekwisha kudondoka. Habari za Kamange na Sarahani, washairi wakubwa wa Pemba waliokuwa wakijibizana kwa beti, alizisimulia kama za wajomba zake, miaka mingi kabla hazijatoka kitabuni 2011.

Ugomvi wangu naye ulikuwa huu. Watoto waliotoka barazani kwake waliniletea darasani mishororo kama "Elimu ni kitu bora, tusomeni kwa juhudi." Hesabu: nane kwa nane. Gonga mlango sasa, uone kama kuna mtu ndani. Nilimwambia, "Maalim, unawajengea nyumba kabla hawajapata wa kuishi." Akanijibu, "Na wewe mwanangu unataka wazae barabarani."

Kwenye muhtasari wa masomo milango ya fahamu ilikuwa mitano, kila mmoja na kitenzi chake. Kiswahili chetu hakikubali mpaka huo. Sisi twasikia sauti, twasikia harufu, twasikia baridi, njaa na maumivu. Basi siku moja niliandika ubaoni "Unasikia nini?" nikawafunga watoto macho kwa leso na kuwapitishia mafundo ya nguo: karafuu mbichi, karafuu kavu, mbata, mwani, udongo wa kisima. Mvulana mmoja alinusa karafuu kavu akasema, "Nasikia jino la bibi." Bibi yake alikuwa akitia karafuu kwenye jino bovu. Mwingine alisema anasikia njaa, naye nilimwandika ubaoni. Tanakali pia niliziruhusu zote, chubwi, pwata, ji, kwa sababu mtoto anazo tayari kabla hajajua neno "sitiari".

Wako walionidhania mfuasi wa Kezilahabi, aliyeweka kando vina na mizani katika *Kichomi* mwaka 1974. Sikuwa. Nilitaka mizani ije, ila ije ya pili.

Magofu ya Mkama Ndume yako pale pale kijijini, ngome ya karne ya kumi na tano. Kila mtoto wa Pujini anajua kuwa Mkama Ndume aliwabebesha watu mawe huku wanajikokota kwa matako. Wanajua, lakini wanajua kwa masikio. Nikawapeleka saa sita mchana, kila mmoja akashika jiwe lililopigwa na jua, akajikokota kutoka mnazi mmoja hadi wa pili. Nikawaambia wakaandike nyumbani, walete kesho. Msichana mmoja wa darasa la nne akaleta ubeti wenye mshororo huu:

*Jiwe lachoma kiganja, matako yanaungua.*

Niliubandika kwenye ukuta wa darasa. Wiki ile akaja mkaguzi mmoja, jina lake nalihifadhi, akausoma, akakunja uso. Neno lile halifai skuli, liandikwe "makalio". Mtoto akachukua penseli pale pale: *makalio yaungua*. Nane bado! Mkaguzi akaridhika, akaenda kunywa chai. Mimi sijaridhika mpaka leo. Watu wa Mkama Ndume hawakujikokota kwa makalio. Makalio ni ya kukalia kiti ofisini. Nyinyi walimu vijana mnaowapa watoto shairi la kunakili kutoka kwenye simu, kisha mkasahihisha heshima kabla ya kusahihisha ukweli, hebu wapelekeni nje kwanza, mkajikokote pamoja nao.

Nikampelekea Maalim ule mshororo wa mwanzo kama mtu anayepeleka hati mahakamani: angalia, hakuna komwe, ngozi tu! Akapanga zake, akasukuma zote kumi na sita, akacheka mpaka kofia ikamwanguka. "Ngozi gani? Kujikokota ni mizani, mwanangu. Vuta, kaa, vuta, kaa. Umemfundisha kuhesabu kwa matako." Tukabishana hivyo miaka yote iliyobaki, kila nikipita barazani.

Mwezi mmoja baada ya hitma nilimwona yule msichana Chake Chake, mama mtu sasa, mtoto mgongoni. Nikamkumbusha jua la siku ile. Akaona haya.

"Jiwe kweli lilikuwa la moto, Mwalimu. Lakini huku nyuma sikuungua. Nilikalia siafu."

"Mbona hukuwaandika?"

"Niliwaandika. Wakavunja kina."

Nikamuuliza kama Maalim alilijua hilo.

"Si ndiye aliyewatoa."