Uhuru wa Watumwa Machoni pa Kijana wa Leo

Jumamosi moja alasiri, msichana wa kidato cha tatu aliketi chini ya mvinje ufuoni Shelly Beach, Likoni, mkononi ana kitabu chenye kurasa zilizogeuka manjano. Nyanya yake alikuwa amempa kwa sharti moja: akisome chote kabla ya kupokea kipaimara. Kitabu chenyewe ni Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela, kilichochapishwa mwaka wa 1934. Kando yake aliketi shoga yake, Mwislamu, jirani wa tangu utotoni.

Wahakiki aghalabu wamekishutumu kitabu hiki kuwa ni kasumba ya kikoloni, kwani ndani yake Mwarabu ni mtekaji na Mwingereza ni mkombozi. Shutuma hiyo ina mashiko. Mbotela alitoka katika jamii ya Frere Town, Kisauni, makazi ambayo wamishenari wa CMS waliyaanzisha mwaka wa 1875 kwa ajili ya watumwa waliokombolewa. Kengele ya makazi hayo ndiyo asili ya jina la Kengeleni, ambalo makanga wa matatu hulitaja kila siku. Baba yake alikuwa miongoni mwa waliokombolewa, na mwana wa aliyeokolewa halaumiwi kwa kushukuru. Hata hivyo, shukrani inaweza kufunika mengi: katika miaka ya mwanzo ya 1880, wamishenari wa Frere Town walilalamikiwa kwa kuwachapa viboko watu wale wale waliohifadhiwa hapo.

Je, kitabu cha namna hiyo kina lipi la kumwambia kijana wa leo?

Msichana alikuwa akisoma kwa sauti. Alipofika palipolaumiwa Waarabu, alisita, akamtazama mwenzake, kisha akafunua ukurasa uliofuata.

"Mbona waruka?" shoga yake akamuuliza. "Soma tu. Hata kwetu twajua biashara hiyo ilikuwako. Lakini zile pembe na karafuu, wanunuzi wake walikuwa kina nani?"

Msichana hakuwa na jibu.

Ni dhahiri kwamba kitabu kilichokusudiwa kuitikiwa amina sasa kinapokewa kwa swali. Sifa za meli za Mwingereza hazikuwagusa wasichana hawa. Kilichowagusa ni binadamu kung'olewa kwao akafikishwa ugenini bila mama. Hilo wanalijua: wapo madada wa mtaani waliokwenda Ghuba kufanya kazi za nyumbani, wakanyang'anywa pasi zao, na mawakala waliowapeleka ni wa papa hapa nyumbani. Hadithi ya Mbotela ingali inasema nao pale inaposimulia maumivu. Inapowaelekeza nani wa kushukuriwa na nani wa kuchukiwa, hawaiitiki tena.

Meli ya mizigo ilipita ikielekea Kilindini. Msichana akaurudia ukurasa alioruka, akausoma wote kwa sauti, shoga yake akisikiliza. Nyanya atakapouliza kama kitabu amekimaliza, atajibu ndiyo. Kisha, akipata ujasiri, atamuuliza swali la shoga yake.