Valvu ya Binti Yangu

Kilichonitoa hofu si maneno ya faraja. Niliyapata mengi, na walionipa nawashukuru hadi leo, lakini usiku ulipoingia hofu ilirudi palepale. Kilichonitoa hofu ni kuelewa jinsi valvu ndogo ya silikoni, iliyolala chini ya ngozi nyuma ya sikio la binti yangu, inavyoamua lini ifunguke na lini ijifunge. Naandika ushuhuda huu kwa ajili ya mzazi ambaye leo ameambiwa mtoto wake ana kichwa kikubwa na atawekewa shanti, yaani mirija na valvu ya kutoa maji kichwani, amerudi wodini kukaa kitandani na mwanawe, na hajui hata aulize nini.

Kazi yangu ni maji. Mimi ni fundi katika mamlaka ya maji ya mji mmoja wa milimani, ambako chanzo kiko juu na watu wengi wako bondeni. Ukiyaachia maji yashuke yenyewe, yanafika chini na presha ya kupasua mabomba. Ukiyabana kupita kiasi, nyumba za mteremkoni zinakauka na simu zinaanza kulia. Katikati tumefunga valvu za kupunguza presha, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kuzirekebisha, robo mzunguko huku, nusu kule, jicho likiwa kwenye geji. Nilikuwa nimeifanya kazi hiyo kwa muda mrefu kabla sijapata mtoto, na niliipenda kama mtu anavyopenda kazi inayomlisha.

Binti yangu alizaliwa na mgongo wazi. Walimfunga mgongo vizuri, tukarudi nyumbani, kisha kichwa kikaanza kukua kuliko mwili. Utosi ulituna. Mishipa ikajichora juu ya ngozi ya kichwa. Macho yake yakawa yanatazama chini muda wote, weupe wa jicho ukionekana juu ya mboni. Nilimfunika kanga kila nilipotoka naye, hata jua la saa sita. Mama mkwe wangu, ambaye alimpenda mtoto yule kuliko mtu yeyote, aliniambia, "Mwanangu, usimtoe nje ovyo, macho ya watu si mazuri." Wengine walisema amechezewa. Mimi sikusema kitu. Nilikuwa nikiomba jambo moja tu, kwamba siku moja niamke nikute kichwa kimerudi, yaishe.

Daktari aliyetupokea Muhimbili, kwenye Taasisi ya Mifupa, hakuwa na haraka na mimi. Alichora. Alisema ndani ya ubongo kuna vyumba, na ndani ya vyumba hivyo mwili unatengeneza maji meupe, safi, usiku na mchana. Mtu mzima hutengeneza karibu nusu lita kwa siku, ilhali maji yanayokuwemo kwa wakati mmoja ni kama mililita 150 tu, kwa hiyo hubadilika mara kadhaa kabla jua halijachomoza tena. Yanapita, yanazunguka ubongo na uti wa mgongo, yanafyonzwa na kurudi kwenye damu. Njia ikiziba, utengenezaji hausimami. Kwa mtoto mchanga mifupa ya kichwa haijaungana, basi kichwa kinatanuka.

Nikamuuliza, "Daktari, kwa nini msitoboe mkayatoa?"

"Tukiyatoa mengi kwa haraka, mama, ubongo unanywea na vishipa vya damu vinavyoushikilia vinakatika. Tukitoa kidogo, kesho yamejaa tena. Tunahitaji kitu cha kuyatoa kwa kiasi, saa zote, bila mtu kushika koki."

Nilimtazama. Mtu yule alikuwa ananieleza kazi yangu.

Kuanzia hapo nilitaka kujua kila kitu kuhusu hiyo valvu. Alikuwa na sampuli iliyokwisha muda wake, akanipa niishike. Ilikuwa nyepesi, laini, na mirija miwili iliyotoka kwayo ni myembamba kuliko rifili ya kalamu. Mrija mmoja unaingia kwenye chumba cha maji ndani ya ubongo. Mwingine unapita chini ya ngozi ya shingo na kifua hadi tumboni, ambako maji yanafyonzwa, na huko huachwa urefu wa ziada ili mtoto akikua mrija usimvute. Katikati ndipo valvu ilipo.

Niliomba niondoke nayo. Mapumziko ya mchana, kwenye meza yangu ya karakana, niliiunga na mrija wa plastiki unaoonyesha ndani, nikausimamisha kando ya rula na kuanza kumimina maji kidogo kidogo kwa bomba la sindano. Sentimita tano, hakuna kitu. Nane, hakuna. Karibu na alama ya kumi nikaona ncha ya chini imelowa, tone likajikusanya, likaning'inia, likadondoka. Likafuata jingine. Nikaacha kumimina. Maji yakashuka taratibu kwenye rula, matone yakazidi kuachana, na chini kidogo ya pale yalipoanzia yakakoma kabisa. Nikaongeza maji, yakaanza tena. Hakukuwa na mkono wangu pale wala umeme wala saa. Kilichokuwa kinafanya maamuzi yote ni unyumbukaji wa silikoni.

Ili mwenzangu wa fani aelewe kwa nini nilisimama pale hadi chai ikapoa: geji zetu za kazini zinasoma kwa baa. Sentimita kumi za maji ni sehemu moja ya mia ya baa. Sindano ya geji isingetikisika. Na kiasi kinachotakiwa kupita, hata kwa mtu mzima, ni kama mililita 20 kwa saa, yaani tone moja kila baada ya sekunde tisa hivi. Sisi tunajivuna tukituliza mto. Aliyebuni hii alituliza tone, tena ndani ya mwili wa mtoto anayelia, anayekohoa, anayelala na kuamka.

Nilitafuta ni nani. Valvu ya kwanza ya aina hii kupandikizwa iliwekwa Philadelphia, Marekani, mwaka 1949, na madaktari Frank Nulsen na Eugene Spitz. Ilikuwa na gololi za chuma. Lakini aliyenishika moyo ni John Holter. Hakuwa daktari. Alikuwa fundi katika kampuni ya kufuli ya Yale & Towne, na mtoto wake Casey alizaliwa mwaka 1955 na mgongo wazi, kama wangu, kisha kichwa kikajaa maji. Spitz alimweleza Holter kinachohitajika: kitu kinachoruhusu maji kwenda upande mmoja tu, kwa presha ndogo sana, kisichoziba. Holter alikuwa ameona wodini jinsi sindano inavyochomwa kwenye mpira wa dripu na kuchomolewa bila mpira kuvuja, maana tundu linajifunga lenyewe. Akarudi kwenye karakana yake ya nyumbani na wazo hilo. Mkato mdogo kwenye mpira mwembamba, presha ikitosha midomo inaachana, ikipungua inabanana. Mpira wa kawaida ulimsumbua, akaja kwenye silikoni, ambayo haiharibiki kwa mvuke wa kuchemshia vifaa na mwili hauikatai. Mwaka 1956 valvu yake ilikuwa ndani ya watoto. Casey mwenyewe aliishi miaka michache tu. Baba yake aliendelea kutengeneza valvu kwa ajili ya watoto wa watu wengine, na jambo hilo nimelifikiri mara nyingi nikiwa peke yangu juu ya tangi.

Kuna mwingine, na huyu aliishi kwetu. Roald Dahl, mwandishi wa hadithi za watoto, alikuwa mfanyakazi wa Shell jijini Dar es Salaam kabla tu ya Vita vya Pili vya Dunia. Miaka mingi baadaye, Desemba 1960, teksi iligonga kigari cha mwanawe Theo huko New York. Mtoto alikuwa na miezi minne. Kichwa kikaumia na kujaa maji. Akawekewa shanti, ikawa inaziba, inatolewa, inawekwa nyingine, inaziba tena. Dahl alimtafuta Stanley Wade, fundi aliyetengeneza vipampu vya mafuta vya ndege za kuchezea, na daktari Kenneth Till wa hospitali ya watoto ya Great Ormond Street, London. Watatu hao wakabuni valvu ya visahani viwili vya chuma vinavyocheza ndani ya mrija, iliyokusudiwa isikamatwe na uchafu kirahisi, na wakakubaliana wasichukue faida yoyote. Ilipokuwa tayari Theo hakuihitaji tena. Watoto wengine waliihitaji.

Niliposoma hayo niliacha kumfunika binti yangu kanga. Siwezi kueleza vizuri zaidi ya hivyo. Nilikuwa nimebeba aibu ya mtu aliyedhani yuko peke yake duniani, kumbe kuna mafundi waliokesha kwa ajili ya tatizo hilihili wakiwa na watoto wao mikononi.

Kwenye meza yangu niligundua pia jambo lililonitia wasiwasi. Niliposhusha ncha ya mrija sentimita thelathini chini ya meza, matone yaligeuka mstari. Fundi bomba yeyote anajua kwa nini: maji yaliyomo kwenye mrija unaoshuka yanavuta yale ya juu. Mtoto akilala, kichwa na tumbo viko usawa mmoja. Akikaa, akisimama, tumbo liko chini ya kichwa na mvuto unaanza. Nilimpelekea daktari swali hilo kwenye kliniki, naye alifurahi waziwazi. Akasema ndiyo tatizo kubwa la valvu hizi: mtu anaweza kuumwa kichwa akisimama na kupata nafuu akilala, kwa sababu maji yanatoka mno. Kuna valvu zilizoongezwa kizuizi cha mvuto huo. Kuna nyingine, zilizotokana na kazi ya Salomon Hakim wa Kolombia, zenye springi na gololi ya rubi, ambazo daktari huzirekebisha kwa sumaku juu ya ngozi bila kukata. Ya binti yangu haina hayo. Ni ya kiwango kimoja, presha ya kati, imetengenezwa India.

Je, ni ya hali ya chini? Swali hilo lilinitesa, maana mzazi maskini daima anahisi mwanawe amepewa makapi. Jibu nililipata Uganda. Katika hospitali ya watoto ya CURE, Mbale, daktari Benjamin Warf alilinganisha shanti ya India iitwayo Chhabra, ya dola kama 35, na nyingine ya dola kama 650. Matokeo yalichapishwa mwaka 2005. Baada ya mwaka mmoja hapakuwa na tofauti ya maana kati ya watoto wa kundi moja na lingine. Hospitali hiyohiyo imewafungulia watoto wengi njia mpya ya maji ndani ya ubongo, bila valvu kabisa, pale inapowezekana. Kwa binti yangu haikuwezekana, basi tunaishi na valvu.

Kuishi nayo maana yake ni kuiangalia. Karibu shanti nne kati ya kumi za watoto huharibika ndani ya mwaka wa kwanza, na ya kwetu ilifuata mkondo huo. Ilikuwa masika. Mtoto aliamka anatapika, kisha akawa na usingizi ambao si wake. Kituo cha kwanza walipima malaria, haikuonekana, wakatupa dawa ya kuzuia kutapika na kutuambia turudi nyumbani. Niligusa utosi akiwa amekaa, ametulia, halii. Ulikuwa mgumu, umetuna. Presha inapanda juu ya valvu na chini hakuna kinachopita: kwa hilo sihitaji kuambiwa na mtu. Tulipanda basi la usiku. Asubuhi picha ilionyesha vyumba vya ubongo vimejaa, na walipofungua walikuta ncha ya juu ya mrija imezibwa na nyuzinyuzi za nyama, zile za pale maji yanapotengenezwa. "Umewahi, mama," daktari aliniambia. Mimi wa zamani, yule wa kuomba yaishe, ningerudi nyumbani na ile dawa.

Bado naomba. Nampa Mungu shukrani kwa kichwa cha mtoto huyu kila asubuhi, na ninamshukuru pia kwa Holter.

Sasa anasoma, anatembea kwa magongo, na ana maneno mengi. Siku za kliniki naenda na mrija wangu, rula na ile valvu ya zamani, nawaonyesha akina mama tone linavyosubiri hadi presha itimie. Mmoja aliniuliza, "Dada, na hii itatolewa lini?" Nikamwambia ukweli kwamba huenda isitolewe kamwe, na kwamba kazi yake yeye ni kujua dalili za kuharibika kwake kuliko mtu yeyote, akiwemo nesi.

Na kwa mzazi ambaye bado hajaambiwa chochote: mtoto aliyezaliwa kwa wakati huwa na kichwa cha karibu sentimita 35 kwa mzunguko, na miezi mitatu ya kwanza hukua kama sentimita mbili kwa mwezi. Futi kamba ya fundi cherehani inatosha. Pitisha juu ya nyusi, izunguke sehemu ya kisogo iliyotokeza zaidi, andika. Kliniki wakimpima uzito peke yake, waombe wapime na kichwa, waandike kwenye kadi, na mwezi ujao waombe tena.