Foleni ya madaftari



Wazazi na wanafunzi wetu, foleni ya madaftari mnaijua. Katika hospitali za serikali huku kwetu Kasese na Bwera mgonjwa huja na daftari lake, huliweka mezani, kisha huitwa kwa kufuata rundo. Anayefika saa moja asubuhi huenda akamwona daktari baada ya adhuhuri.

Tuseme haki. Machi 2001 serikali ilifuta malipo katika vituo vyake, isipokuwa wodi za kulipia. Maskini waliokuwa wakiugulia nyumbani wakaanza kuja, alhamdulillah, lakini wauguzi na dawa havikuongezeka kwa kasi hiyo.

Dawa ya foleni ilikuwa ngazi: kituo cha ngazi ya pili kwenye parishi, cha tatu kwenye kaunti ndogo, cha nne chenye daktari na chumba cha upasuaji, ndipo hospitali. Miaka ya karibuni vituo kadhaa vya ngazi ya pili nchini vimepandishwa kuwa vya tatu. Mpango ni mzuri. Ila dawa zikiisha kule chini, watu hupanda boda kuja Bwera, na Bwera ni mpakani, ndugu zetu wa Kongo nao huvuka Mpondwe kutafuta tiba. Ebola ilipovuka Juni 2019 tulingoja pia kunawa na kupimwa joto, na sisi hatukunung'unika.

Kinachouma ni daftari la chini kuwekwa juu. Likiwa la mtoto mwenye degedege, hiyo ni haki yake. Likiwa la mwenye shemeji ndani, je? Mama wa mwanafunzi wetu mmoja alikaa tangu alfajiri na mtoto mwenye malaria, katika kituo tusichokitaja. Alipotoka kuswali adhuhuri akakuta daftari lake liko chini kabisa. Waliolirudisha ni wenzake wa benchi, Wakristo, waliosema, "Huyu mama alikuwa mbele yetu."

Tuliwafundisha wanafunzi wakubwa kwamba nafasi ya foleni ni haki ya mtu kama mali yake, na kumpigia simu jamaa wa ndani ni kuichukua. Kijana mmoja akauliza, "Ustadhi, na mgonjwa akiwa mama yangu?" Darasa likanyamaza. Tutaliendeleza swali hilo Jumamosi baada ya alasiri, inshaallah, na wazazi mnakaribishwa.