Bango na Mwenye Bango

Mabango ya utafiti ya kwanza niliyoyaona chuoni yalikuwa karatasi za A4 zilizogandishwa kwa gundi juu ya manila. Mwanafunzi wa uzamivu alifupisha sura za tasnifu yake, akazipanga kuanzia utangulizi hadi marejeleo. Watahini tulipita na fomu: malengo yapo? Mbinu zipo? Kilichokuwepo kilipata alama, kwa hiyo aliyejaza maneno ndiye aliyeshinda, ingawa hakuna aliyelisoma bango lake lote, hata sisi tuliolipa alama.

Zikaja mashine za kuchapa turubai. Ukurasa mmoja wa PowerPoint ulitanuliwa hadi A0, milimita 841 kwa 1189, ukapelekwa kwa fundi yuleyule wa mabango ya harusi na kampeni. Rangi zikang'aa, nembo za wafadhili zikajaa juu, lakini maneno yalibaki yaleyale, sasa yakiwa yameandikwa juu ya picha.

Mwaka 2019 Mike Morrison, wakati huo mwanafunzi wa uzamivu wa saikolojia huko Michigan State University, Marekani, alitoa video akihimiza bango la namna nyingine: tokeo kuu katikati, kwa herufi kubwa na lugha nyepesi, pamoja na msimbo wa QR kwa anayetaka makala kamili. Vijana wetu waliudaka mtindo huo haraka. Mimi niliupenda nusu. Sentensi ile ya katikati inamfaa aliyekwisha kuchambua data. Wa mwaka wa kwanza hana tokeo. Ukimlazimisha kutangaza ugunduzi, atatia chumvi. Huyo aandike swali lake kwa herufi hizo kubwa. Swali zuri nalo humsimamisha mpita njia.

Siku hizi naanza kwa kusimama mbali kidogo. Kichwa na grafu kuu visiposomeka pale, alama za usanifu zimepungua. Kisha nasogea, namwomba mwanafunzi anieleze bila kusoma, na namuuliza ameacha nini na kwa nini. Binti mmoja wa kilimo, aliyetafiti mihogo, alinijibu: "Mwalimu, jedwali linaonyesha kazi niliyofanya. Grafu inaonyesha mbegu ipi inahimili ugonjwa wa batobato." Jedwali alikuwa nalo mkobani, akanitolea nilipolitaka. Nilimpa alama za juu kabla sijatazama rangi zake.

Watahini wenzangu, punguzeni alama za mapambo, muongeze za majibu. Na tafadhali, msijaze fomu kabla mwenye bango hajafungua mdomo.